Kifungu cha Tisa

Ruwi, ghorofa ya pili, juu ya fundi wa kanzu.
Kiyoyozi kinadondosha maji ndani ya kopo la samli
na mimi natafsiri kwa riali mbili ukurasa:
vyeti vya ndoa, ripoti za ajali, wasia.
Mwezi wa saba. Lami huko nje imelainika kama halua.

Aliingia na mkataba ndani ya mfuko wa sabuni ya unga.
Nyamizi Kasanda, mzaliwa wa Sikonge.
"Nisomee kile cha tisa," akasema,
"nasikia ndicho kinachonihusu."

Kifungu cha tisa kina mstari mmoja:
mfanyakazi hatapewa kazi iliyo —
hapo nikakwama.
Herufi saba. Kivumishi.

Nililijua. Nimepishana nalo mara mia kwenye karatasi za benki.
Halisemwi juu ya gunia. Halisemwi juu ya jiwe.
Husemwa juu ya ushuru, sharti, deni, wadhifa,
kitu ambacho mizani haikioni na mgongo unakiona.
Wajuao nasaba za maneno wanasema babu yake alikuwa mzigo,
mzigo hasa, wa kichwani;
mjukuu amevaa suti, anakaa kwenye mikataba.

Nikajaribu: nzito.
Lakini uji nao ni mzito, na usingizi wa mtoto,
na mjamzito tunampongeza.
Nikajaribu: ngumu. Ngumu ni hesabu.
Ya suluba? Hiyo ya gerezani,
itamfanya karani wa wizara anyanyue nyusi.

"Kwani kazi yenyewe ipi?" nikamuuliza, nikivuta muda.

"Namwinua bibi. Kitandani, bafuni, kitandani.
Alipooza upande mmoja Ramadhani ya mwaka juzi."

"Basi bibi ni mzito."

"Bibi?" Akacheka. "Kanda la usufi.
Kilo arobaini pamoja na nguo zake.
Usiku ananiita kwa jina la dada yake aliyezikwa Pemba,
nami naitika.
Kizito ni kitasa.
Simu yangu inalala kwenye droo ya mwenye nyumba mpaka Ijumaa.
Mazito ni maswali ya mwanangu:
yananisubiri siku sita,
na Ijumaa ikifika ameshayasahau."

Kizito. Mazito.
Kile kivumishi cha Kiingereza hakibadili nguo.
Kikae juu ya deni, juu ya kodi, juu ya mtu,
ni kilekile, kama karani wa dirishani asiyeinua macho.
Chetu hakigusi kitu bila kuvaa umbo lake.

Mama yangu, siku tulipohamia Amerat,
alisimama mbele ya kabati la mvule, mikono kiunoni:
mzigo mzito mpe Mnyamwezi.
Nilikuwa na miaka minane.
Nilidhani Mnyamwezi ni aina ya winchi.

"Mie Mnyamwezi," akasema Nyamizi, bila kuulizwa,
akipanga sarafu za baisa mezani.
Nikainuka kumwaga maji ya kopo. Halikuwa limejaa.

Niliporudi nikaandika: kazi ya kumlemea.
Kisha nikaitazama ile m.
Ndani ya lile neno lao hamna mtu;
ipo kazi, na sifa ya kazi.
Huku yumo,
herufi moja,
amebanwa katikati.

"Na wao wanalitamkaje?"
Nikamwambia. Akalirudia,
akalitia irabu mwishoni ili lisianguke: onarasi,
mara tatu, chini kwa chini,
kama mtu anayekariri namba ya simu.

Nikamrudishia riali moja.
Akaisukuma upande wangu wa meza.
"Niandikie risiti," akasema.
"Ya mbili."